Maziwa yalinivuja mbele ya baba mkwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 26, naishi Ilazo hapa Dodoma. Nina mtoto wa kiume wa wiki tano, ndiye wa kwanza. Nilijifungua salama, ananyonya vizuri, na sijawahi kukosa maziwa. Shida yangu ni kwamba yanatoka bila kuitwa.

Akinyonya ziwa la kulia, la kushoto linachuruzika mpaka kwenye goti. Usiku naamka shuka limelowa, na baridi ya Julai ya huku unaijua, natetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Mtoto wa jirani akilia upande wa pili wa ukuta, yanatoka. Juzi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa ulezi, hakuna aliyelia, nikamkumbuka tu mwanangu amelala chumbani, yakatoka.

Kilichonifanya nikuandikie ni cha Jumapili iliyopita. Baba mkwe alikuja kutoka Mpwapwa kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Nikavaa gauni langu zuri la pamba, rangi ya krimu, nikaingia sebuleni na sinia la chai. Mtoto kapakatwa na babu yake, mara akaanza kulia. Shangazi, nilihisi vijisindano kifuani, na kabla sijafika mezani nikawa na madoa mawili makubwa kama visosi. Sikuweza hata kujifunika, mikono yote ina sinia. Baba mkwe akamkabidhi mtoto kwa mama mkwe, akasema anatoka nje kupunga upepo. Alikaa huko karibu nusu saa. Tangu siku hiyo nikimkumbuka natamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe, ambaye yuko nami kwa ajili ya arobaini, anasema kinachomwagika ni chakula cha mtoto, ndiyo maana analia kila jioni. Amenifunga kanga kifuani, imebana hata kuvuta pumzi ni kazi. Niliweka pamba ndani ya sidiria ikagandia kwenye chuchu, kuibandua nikalia machozi. Jirani ananishauri nikamue yote hadi yaishe. Na likizo inakwenda ukingoni: nafanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja binafsi mjini, nitasimamaje mbele ya watu nimelowa hivi?

Liko na la mwisho, naona haya kuliandika. Mume wangu ameanza kuulizia lini tutarudi kuwa mke na mume. Naogopa, kwa sababu nimesikia maziwa hutoka hata wakati huo, na mama mkwe ameshanionya nisije nikambemenda mtoto.

Mama Kichanga, Ilazo

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi salama.

Nianze na baba mkwe, maana naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko hilo shuka. Mwezi wa Julai hapa Dodoma hakuna mtu mwenye akili zake anayetoka nje kupunga upepo. Upepo ndio unaompunga yeye, na vumbi juu. Mzee wa Mpwapwa analijua hilo kuliko wewe na mimi. Alitoka ili wewe upate nafasi ya kuweka sinia chini na kwenda kubadilisha nguo bila kupita mbele ya macho yake, na akakaa nusu saa ili usihisi amekuona. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe wa zamani. Mwanaume aliyelea watoto nyumbani mwake ameshaona maziwa yakivuja. Akija tena msalimie kama siku zote, usimwombe radhi, kwa sababu ukimwomba utamlazimisha akiri kuwa aliona.

Sasa tuje kwenye kifua chenyewe. Kuna homoni mbili zinazofanya kazi humo. Prolaktini inatengeneza maziwa. Oksitosini inayasukuma yatoke, kwa kubana vijifuko yanamotengenezwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuaibisha. Huamshwa na mtoto kunyonya, lakini pia na sauti yake, harufu yake, hata wazo lake, na haichagui ni mtoto wa nani anayelia. Inapofika inafika matiti yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana huyu akinyonya kulia, kushoto kunachuruzika. Vile vijisindano ulivyovihisi ndiyo yenyewe inaingia. Wapo wanaovihisi kila mara, wapo wasiovihisi kabisa na maziwa yao yako sawasawa.

Katika wiki za mwanzo mwili bado haujajua mtoto wako anataka kiasi gani, kwa hiyo unapika kama mwenye harusi asiyejua idadi ya wageni. Taratibu unajifunza kipimo chake. Kwa wengi uvujaji hupungua kati ya wiki ya sita na ya kumi. Kwa wachache huendelea kidogo kidogo mpaka mtoto aache ziwa, na huo nao si ugonjwa. Wala asiyevuja asidhani hana maziwa.

Mama mkwe amekosea hesabu, ingawa nia yake ni njema. Kinachodondoka hakipunguzi cha mtoto, kwa sababu ziwa halifanyi kazi kama ndoo ambayo ikimwagika ndiyo basi; linaendelea kutengeneza hata wakati mtoto ananyonya. Ukitaka kujua kama anashiba, usitazame gauni lako, tazama nepi zake. Mtoto wa umri wake anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Tazama na kadi ya kliniki: alitakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, na mstari uwe unapanda. Kama hayo yapo, kile kilio cha jioni ni kilio cha jioni tu. Watoto wengi hulia zaidi magharibi, na hali hiyo hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kwa hiyo jikaze, bado kidogo. Mpeleke mama mkwe kliniki siku ya kupima, amwone mjukuu wake kwenye mizani kwa macho yake. Mizani itamshawishi kuliko mimi.

Kanga ya kubana ifungue leo. Ikibana hivyo, maziwa hukwama, ziwa likavimba, ukaishia na uvimbe wenye homa. Sidiria ya kunyonyeshea isiyo na waya, ya pamba, inayokushika bila kukubana, inatosha. Na ushauri wa jirani wa kukamua hadi yaishe ni mbaya zaidi, kwa sababu hayaishi. Ziwa linalomwagwa mara kwa mara hudhani kuna mapacha, likaongeza. Kamua pale tu ziwa linapokuwa gumu hata mtoto ashindwe kulishika, na ukamue kiasi cha kulilainisha, uachie hapo. Hivyo vikombe vya silikoni vinavyonata kifuani na kuvuta maziwa navyo vina mchezo huohuo, ukivitumia kila mara vinaita mengine.

Sasa pedi. Pamba ya dukani iache, umeshaona kazi yake. Pedi za maziwa zinauzwa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya watoto, za kutupa na za kufua, lakini mimi nakushauri ushone. Chukua kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, na kipande cha flana au taulo jepesi. Weka kisosi juu ya kitambaa, zungusha kalamu, kata. Tabaka mbili za kanga, moja kila upande, na mbili za flana katikati, kisha pitisha cherehani pembeni. Kabla ya kushona, kata pembe ndogo kuanzia ukingoni hadi karibu na katikati, uikunje na kuiziba, ili pedi ipate umbo la bakuli isimame vizuri ndani ya sidiria. Fundi yeyote wa pale mtaani kwako atakufanyia dazeni kabla ya chai kupoa. Ila ukiniuliza mimi, kanga ziombe kwa mama mkwe, na kama anajua sindano mwachie yeye ashone. Aliyekufunga kifua kwa kukupenda atapenda pia kuwa na kazi ya maana.

Shona angalau kumi na mbili. Mtaa ambao maji huja kwa zamu unahitaji akiba, maana pedi iliyolowa haikai kifuani ikisubiri bomba litoke. Unyevu ukikaa unalainisha ngozi ya chuchu, inachubuka, na fangasi hupenda mahali pa joto palipolowa. Ukianza kuhisi chuchu zinawaka moto hata baada ya kunyonyesha, au ukaona utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika, nendeni kliniki wote wawili, kwa sababu mtaambukizana huku na huku. Fua pedi kwa sabuni ya kawaida, anika juani, na kwa vumbi letu hili usizitumie moja kwa moja kutoka kwenye kamba. Kung'uta, piga pasi, weka kwenye mfuko safi. Wengine hukata pedi ya hedhi katikati. Kwa dharura ya ibada au safari sawa, ila ile plastiki ya nyuma hutunza joto, usishinde nayo.

Usiku, tandika taulo kuukuu juu ya shuka, lala na sidiria laini na pedi zake, na weka fulana ya akiba jirani na mto ili usiende kabatini ukitetemeka. Usijaribu kulala kifudifudi ili kuyazuia. Mtoto wa wiki tano ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku nzima, usiku ukiwemo, na ukimnyonyesha mara tu anapoanza kutafutatafuta kwa mdomo, kabla hajafika kulia, utajikuta umelowa kidogo zaidi.

Ukiwa mbele ya watu na vijisindano vikaanza, kunja mikono kifuani kama mtu aliyepigwa na baridi, kisha bana matiti kuelekea kwenye mbavu kwa viganja au mkono wa mbele. Hesabu taratibu mpaka kumi au zaidi kidogo, yatakata. Kwa Julai ya Dodoma hakuna atakayekuuliza kwa nini umejikunyata. Usilifanye kila saa, maana kuyazuia mara kwa mara katika wiki hizi kunayakwamisha. Liwe la mapokezi, la daladala na la kanisani au msikitini. Kama mikono ina sinia, kama siku ile, basi mwanangu, weka sinia chini kwanza.

Nguo, usivae krimu, bluu mpauko wala kijivu. Kijivu ndicho kisaliti kikubwa, tone moja linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Vaa kitenge cha maua mengi, na mtandio begani, ambao ni stara, ni joto, na ni pazia la kunyonyeshea.

Hayo yanayodondoka upande wa pili wakati mtoto ananyonya, unaweza kuyakinga kwa kikombe safi kilichochemshwa. Yanayojidondokea huwa mepesi kuliko yale ya mwisho wa kunyonya, kwa hiyo yasiwe ndiyo mlo wote wa mtoto ukitoka, ila kwa kuongezea yanafaa. Kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa kwa muda wa saa nne tu. Ndani ya friji, nyuma kabisa na siyo mlangoni, siku nne. Kwenye friza hadi miezi sita yakiwa bado bora. Sasa hivi asubuhi zetu ni za ubaridi, lakini ikifika Oktoba chumba kinageuka tanuri, usiyaache mezani. Kuyapasha, weka chombo chake ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyachemshe jikoni. Mpe kwa kikombe kidogo au kijiko.

Na kama mtu atakwambia maziwa yaliyoshinda kifuani wakati wewe uko juani yamechacha, ukamue kwanza umwage, usimwage hata tone. Maziwa hayachachi yakiwa ndani ya ziwa. Hilo nimelisikia kwa mama zetu wengi hapa, na limemwaga maziwa mengi kuliko uvujaji wako wote.

Kazini usiende kinyonge. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 kwa mapacha au zaidi, na ukirudi inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wengi hawalijui, na wengine wanalijua ila hawasemi mpaka uulize. Usisubiri siku ya kuripoti. Andika barua fupi wiki mbili kabla, useme unapendelea saa zipi. Kutoka mjini hadi Ilazo kwa bajaji si safari, unaweza kurudi mchana, au mtoto aletwe. Ukibaki ofisini siku nzima bila kunyonyesha wala kukamua utavuja tu, na baadaye maziwa yatapungua. Kwenye droo weka blauzi ya akiba, pedi sita, na mfuko usiopitisha maji wa zilizolowa. Na wiki ya kwanza, picha ya mtoto kwenye simu iangalie chooni, usiiangalie ukiwa kaunta.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Ziwa likiwa na sehemu ngumu, nyekundu au inayowaka, linauma, nawe unasikia homa na mwili kuvunjika, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usiache kunyonyesha upande huo, maziwa yake hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla kunaweza kusababisha jipu. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kinatuliza uvimbe. Nenda pia ukiona damu au usaha kwenye chuchu, au mtoto haongezeki uzito.

Nimefika kwenye lile uliloona haya. Ni kweli maziwa yanaweza kutoka wakati wa tendo la ndoa, kwa sababu oksitosini ileile hutoka mwanamke anapofika kileleni. Mwambie mumeo mapema asije akashtuka, mnyonyeshe mtoto kwanza, tandika lile taulo, na kama hutaki kulowa baki na sidiria yako. Mkilowa chekeni. Kuhusu lini, subiri kliniki ya wiki ya sita wakuangalie kama umepona, halafu subiri na moyo wako. Mume anayeuliza ni mzuri kuliko asiyeuliza, lakini kuuliza siyo kudai.

Kubemenda nako nikwambie ninavyoamini. Tendo lenyewe haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto. Nadhani wazee waliona kitu cha kweli wakakipa sababu isiyo yake: mama anapata mimba nyingine upesi, mtoto anaachishwa ziwa kabla ya wakati, anakonda, anasemwa amebemendwa. Kwa hiyo mama mkwe usimbishie, mjibu kwa vitendo. Siku hiyohiyo ya wiki ya sita uliza njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha. Kunyonyesha tu kunakinga kama mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi kitu kingine chochote, ananyonya usiku na mchana, na hujaona hedhi. Kimoja kikipungua, usikitegemee.

Na lile gauni la krimu usilitupe. Loweka kwenye maji ya baridi, usitumie ya moto, kwa sababu moto hugandisha maziwa ndani ya nyuzi. Sugua kwa sabuni ya mche, anika juani likiwa limepakwa sabuni, suuza, na usilipige pasi mpaka doa litoke lote. Likigoma kabisa, chukua mkasi ukate pedi. Alama za visosi si unazo tayari?